Dawa ya Kichina ya chura na saratani ya mfupa: maswali ninayoulizwa dirishani

Mimi ni mfamasia. Nauza dawa hapa Mwanga, Kigoma mjini, na kama ilivyo kwa kila anayekaa nyuma ya dirisha la dawa, watu huniita dokta. Tangu ile sauti ianze kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ikisema Wachina wamepata dawa ya chura inayomaliza kansa ya mifupa, haipiti wiki bila mtu kuniuliza. Wengine wanauliza kwa kutaka kujua tu. Wengine nyumbani wana mtoto ambaye goti limevimba. Hao wa pili ndio walionikalisha chini niandike, maana nyuma yao huwa kuna foleni, na hili si jambo la kuelezwa kwa dakika mbili.

Ni kweli kuna dawa ya Kichina inayoua seli za saratani ya mfupa?

Ni kweli, na nianze na hilo ili mtu asidhani kuna kitu kinafichwa. Inaitwa Chan Su. Ni utomvu mweupe, mzito kama maziwa ya mpapai, unaokamuliwa kwenye tezi zilizo nyuma ya macho ya chura wa Asia mwenye ngozi ya vipele. Hukaushwa mpaka ukawa bonge gumu la kahawia, kisha husagwa. Wachina wameutumia kwa karne nyingi kutibu koo, majipu, moyo na uvimbe, na hadi leo umo kwenye vidonge vidogo vya koo viitwavyo Liu Shen Wan.

Ndani ya Chan Su kuna kemikali nyingi. Moja inaitwa bufalini. Mwaka 2007 watafiti wa China walichapisha matokeo ya kuijaribu kwenye seli za osteosakoma, yaani ile saratani inayoanzia kwenye mfupa wenyewe na kuwapata zaidi vijana walio katika umri wa kurefuka. Walitumia seli za aina mbili: za kawaida, na nyingine zilizozoeshwa dawa ya methotreksati mpaka zikawa sugu. Bufalini iliua zote. Methotreksati ni mojawapo ya dawa kuu tatu za ugonjwa huu hospitalini, kwa hiyo kitu kinachoua seli zilizoishinda methotreksati ni habari ya kumfanya mtafiti asilale. Aliyerekodi ile sauti hakutunga. Ila alisikia "seli", akatangaza "wagonjwa".

Hizo seli zilikuwa za nani, na ziliuawa wapi?

Hili watu hawaniulizi sana, lakini natamani wangeuliza, kwa sababu ukilielewa mengine yote yanakuwa mepesi.

Seli zinazotumika sana zinaitwa U-2 OS. Zilitolewa mwaka 1964 kwenye uvimbe wa mfupa wa muundi wa binti wa miaka 15. Nyingine, Saos-2, zilitoka kwa binti wa miaka 11 mwaka 1973. MG-63 zilitoka kwa mvulana wa miaka 14. Seli hizo bado zinaendelea kugawanyika katika maabara za dunia nzima, zikilishwa maji yenye virutubisho na majimaji ya damu ya ndama, katika joto la nyuzi 37. Kila ninaposoma utafiti wa aina hii naona kwanza umri wao: 15, 11, 14. Ni umri wa watoto wanaopita mbele ya duka langu na mabegi ya shule.

Jaribio lenyewe linafanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96, kila kimoja kidogo kuliko kizibo cha soda. Seli zinawekwa, dawa inadondoshewa kwa vipimo tofauti, wanasubiri siku moja au mbili au tatu. Kisha wanatia rangi ya manjano. Seli iliyo hai inaigeuza hiyo rangi kuwa zambarau, iliyokufa haifanyi kitu. Mashine inasoma ni kishimo gani kimekolea na kipi kimebaki cheupe. Ukisikia "dawa imeua nusu ya seli", mara nyingi maana yake ni kwamba zambarau imepungua nusu.

Kwenye kishimo hakuna moyo wala figo, na hakuna mama aliyekaa kando ya kitanda. Hata Jik ukiidondosha humo, zambarau haitatokea.

Inaziua vipi?

Kila seli ya mwili ina pampu ndogo ndogo kwenye ngozi yake. Kila mzunguko pampu hutoa chembe 3 za sodiamu nje na kuingiza 2 za potasiamu ndani, usiku na mchana. Wavuvi wa Kibirizi wataelewa haraka: mtumbwi wa mbao haukosi kuvuja, ndiyo maana kuna mtu na kopo lake anayetoa maji muda wote. Mshike mkono mtu huyo, mtumbwi utazama bila hata kutobolewa tundu jipya.

Bufalini hushika mkono wa pampu. Sodiamu inajaa ndani, kalsiamu inafuata, na amri zinazopita ndani ya seli zinavurugika. Seli ya saratani iliyokuwa inajiandaa kugawanyika inakwama hapo hapo. Kisha inaingia kwenye kifo cha mpango, ambacho wanasayansi wanakiita apoptosisi: vinu vyake vya nishati vinavuja, vimeng'enya vinaanza kukatakata kila kitu kwa utaratibu, na mwisho seli inabaki vipande vidogo. Mwili wenye afya hufanya hivyo kila siku kwa seli zilizochoka. Seli ya saratani ni ile iliyokataa kusikia amri hiyo, kwa hiyo chochote kinachoilazimisha kusikia kina thamani kwa mtafiti.

Sasa rudi kwenye sentensi ya kwanza ya jibu hili. Nimesema kila seli. Pampu hizo hizo ziko kwenye moyo, na moyo unazitegemea kila pigo.

Lakini nimesoma kwamba panya walipewa, uvimbe ukasinyaa, na panya wakabaki wazima?

Hapa naomba usome polepole.

Pampu ya panya si sawa kabisa na yetu. Ile kuu iliyo katika moyo wake ina umbo linalozuia sumu za jamii hii zisiishike vizuri, kiasi kwamba panya anahimili kipimo kikubwa mara mamia kuliko binadamu. Watafiti wanachukua seli za saratani ya binadamu, wanazipandikiza kwenye panya, wanampa dawa. Uvimbe una pampu za binadamu, unakufa. Panya ana pampu za panya, anaendelea kula. Ukitazama kwa juu utasema dawa hii inaijua saratani na kuiacha nyama nzima. La hasha, inajua tu pampu ya mtu na pampu ya panya. Mwanao ana pampu za binadamu kwenye uvimbe na kwenye moyo pia.

Siku nilipolielewa hili niliweka simu chini. Nilikuwa nimeshamwambia mteja mmoja kwamba "kwa panya imefanya vizuri", kama vile nimempa habari njema.

Je, imeshajaribiwa kwa watu?

China wana sindano iitwayo Huachansu, inayotengenezwa kwa maji ya ngozi ya chura, na hospitali zao huitumia kwa saratani kadhaa. Watafiti wa Shanghai na wa hospitali ya saratani ya MD Anderson ya Houston, Marekani, waliijaribu kwa njia inayostahili: wagonjwa wenye saratani ya kongosho iliyokwisha fika mbali, wote wakipewa dawa ya saratani iitwayo jemsitabini, wengine wakaongezewa Huachansu na wengine maji yasiyo na dawa, bila wagonjwa kujua nani kapata nini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Waliopata dawa ya chura hawakuishi zaidi ya wenzao.

Kongosho si mfupa, najua. Nimetaja jaribio hilo kwa sababu seli za kongosho nazo zilikuwa zimekufa vizuri tu kwenye sahani. Katika tiba ya kawaida ya osteosakoma, bufalini haimo.

Ikiwa mgonjwa ameshakata tamaa, kuna ubaya gani akijaribu?

Upo, na ni mkubwa. Kati ya mwaka 1993 na 1995, jijini New York, wanaume watano walimeza kitu kilichouzwa kama dawa ya nguvu za kiume. Kilikuwa cha kupaka, wao wakameza. Ndani yake kulikuwa na sumu ya chura. Wanne walikufa. Walikuwa watu wazima waliokuwa na afya zao.

Dalili zinaanza na kichefuchefu na kutapika, kisha mapigo ya moyo yanakuwa ya taratibu au yanaruka ruka. Kuna dawa ya moyo iitwayo digoksini ambayo hushika pampu ile ile, na wazee kadhaa wa hapa mjini wanaitumia kwa maelekezo. Digoksini ikizidi nanogramu 2 katika mililita moja ya damu, tunaanza kuhofia sumu. Nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Sasa linganisha na unga wa kahawia ambao muuzaji anakupimia kwa kijiko cha chai.

Na mgonjwa wa saratani yuko kwenye hatari zaidi ya yule mzima. Doksorubisini, dawa nyingine kati ya zile tatu, yenyewe huuchosha moyo. Ya tatu, sisplatini, hugusa figo na kupunguza magnesiamu na potasiamu mwilini, na kutapika kunapunguza zaidi. Potasiamu ikishuka, sumu zinazoshika pampu ya moyo zinakuwa kali kuliko kawaida. Yaani mtoto aliyetoka kuchomwa dripu wiki iliyopita ndiye ambaye unga ule utamuumiza kwanza, na daktari atahangaika kutafuta sababu asiyoambiwa. Kama tayari umempa mgonjwa kitu, mwambie daktari. Atakaripia labda, lakini atajua pa kuanzia.

Vyura wa huku kwetu je?

Wale wenye vipele wanaotoka mvua zikianza, wanaokaa chini ya taa za nje, nao wana sumu ya jamii hiyo. Kama umewahi kuona mbwa aliyemuuma chura akitoa povu na kujikuna mdomo kwenye nyasi, umeshaiona. Tafadhali mtu asichemshe chura.

Mbona dawa mseto ya malaria nayo ni ya Wachina, na hospitali mnatupa?

Hili ni swali zuri kuliko yote, na mzee aliyeniuliza, Mmanyema wa Ujiji, aliliuliza kwa hasira ya haki. Alisema: "Mnatukataza za kienyeji, halafu mnaziweka kwenye pakiti mnatuuzia." Mzee wangu, sehemu ya maneno yako ni kweli.

Dawa mseto tunayotoa nchini tangu 2006 imetokana na mmea wa qinghao. Tabibu wa Kichina aitwaye Ge Hong aliandika habari zake katika karne ya 4: chukua majani, loweka kwenye maji, kamua, unywe. Mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria, na mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, akapekua vitabu vya kale. Walikuwa wanachemsha mmea na haufanyi kazi vizuri. Aliposoma tena Ge Hong aliona kwamba hakutaja kuchemsha. Akatumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, dawa ikatoka na nguvu zake. Kisha akainywa yeye mwenyewe na wenzake kabla ya kumpa mgonjwa. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mada yetu. Aseniki ni sumu ya kuulia watu tangu zamani, na matabibu wa China waliitumia kama dawa. Katika miaka ya 1970 madaktari wa Harbin waliichunguza kwa wagonjwa wa saratani ya damu, wakaipunguza, wakaisafisha, wakaipima, na leo ni sehemu ya tiba ya aina moja ya saratani hiyo duniani kote. Mgonjwa huipata kwa mshipa, moyo wake ukipimwa kwa mashine mara kwa mara. Marekani iliikubali mwaka 2000.

Kwa hiyo mimi siidharau tiba ya Wachina, wala ya kwetu. Ninachoomba ni ile safari iliyofanywa na qinghao na aseniki: kujua ni kitu gani hasa ndani yake kinachofanya kazi, kiasi gani kinatibu, kiasi gani kinaua, na kujaribiwa kwa watu waliokubali huku wakitazamwa. Bufalini iko njiani. Watafiti wanajaribu kuibadilisha umbo au kuifunga ndani ya vibebeo vidogo sana ili iufikie uvimbe na kuuacha moyo. Natamani wafaulu hata kesho.

Manjano, tangawizi, mlonge?

Manjano ina kemikali inayoua seli za osteosakoma kwenye sahani. Ukila, sehemu kubwa haiingii kwenye damu. Tia kwenye pilau, haina shida. Mlonge ni mboga nzuri. Usiuze mbuzi kwa ajili yake.

Goti la mwanangu limevimba, tunamchua kwa mawese. Tuendelee?

Msiendelee. Naomba nieleze kwa nini, na kwa hili sitajificha.

Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili, winga wa kushoto, mtaa wa jirani na wangu. Alianza kulalamika goti. Nyumbani wakasema ni mpira. Bibi yake akamchua kwa mawese ya moto kila jioni. Mara mbili alikuja dirishani kununua diklofenaki, dawa ya maumivu, mara mbili nikamuuzia. Alikuwa amevaa suruali ya shule na sikumwambia aikunje nione. Mara ya tatu alikuja mama yake, akasema mtoto halali usiku, analia akiwa ameuma shuka. Ndipo nikaenda nyumbani. Juu ya goti palikuwa pamevimba, ngozi inang'aa, mishipa imejichora, na pa moto ukigusa.

Nauli ya kwenda Mwanza ilikuwepo. Kabla hawajasafiri akapita mtu na begi la dawa za Kichina, makopo yenye picha ya mfupa na herufi ambazo hakuna aliyezisoma, akasema mwezi mmoja mtoto atakimbia. Nauli ikaingia kwenye begi lile. Walipofika Mwanza miezi miwili baadaye, mapafu yalikuwa yameshaguswa. Tulimzika Ujiji, mwezi wa Ramadhani.

Kwa hiyo zijue dalili. Maumivu ya mfupa yanayodumu wiki kadhaa, na hasa yanayoamsha mtu usiku. Uvimbe juu au chini ya goti, au karibu na bega, usiopungua. Kuchechemea bila sababu. Mfupa kuvunjika kwa kujikwaa kidogo. Umri wa hatari zaidi ni miaka 10 hadi 25. Mara nyingi itakuwa ni kitu kingine, usaha ndani ya mfupa au jeraha la mpira, na hivyo navyo vinataka hospitali. Kuchua kunaweza kuvunja mfupa uliokwisha liwa na ugonjwa, na chale zinaleta vidonda mahali ambapo daktari wa upasuaji atahitaji ngozi safi. Zaidi ya yote, kuchua kunakula wiki, na wiki ndicho kitu pekee ambacho mimi siwezi kukuuzia.

Wakikata mguu, ugonjwa si ndio unakimbilia mapafuni?

Wazee walioona hivyo hawakuona vibaya. Zamani, kabla ya miaka ya 1970, tiba ilikuwa kukata tu, na karibu wagonjwa 8 kati ya 10 ugonjwa uliwarudia, mara nyingi mapafuni. Lakini haukukimbizwa na kisu. Mbegu zake zilikuwa zimeshafika mapafuni kabla ya upasuaji, ndogo kiasi cha kutoonekana kwenye picha. Ndiyo maana siku hizi dripu za dawa huanza kwanza, kisha upasuaji, kisha dripu tena, kwa miezi kadhaa. Panapotolewa matibabu kamili kwa mtu ambaye ugonjwa haujasambaa, takriban wawili kati ya watatu wanapona. Na si lazima mguu ukatwe: mgonjwa akiwahi, wakati mwingine hutolewa kipande cha mfupa na kuwekwa chuma. Akichelewa, uchaguzi huo haupo.

Tuanzie wapi?

Kigoma anzia Maweni, Tabora anzia Kitete, ukiwa na karatasi ya rufaa kutoka kituo chako. Omba picha ya eksirei ya mfupa mzima, si ya goti peke yake. Wakiona dalili watakuelekeza Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Huko ndiko kinakatwa kinyama cha kupima, na kikatwe na wale watakaofanya upasuaji mkubwa, maana hata mahali pa tundu la sindano wanapapangia. Kutoka hapa kwenda Mwanza unapita Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, na kutoka Tabora unapita Nzega na Shinyanga. Uliza mapema habari za msamaha wa gharama kwa watoto. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali ndiye wa kumwona, na usione haya.

Nina kopo la dawa ya Kichina nyumbani. Nikuletee ulione?

Lete. Sitakufokea. Lete kopo lenyewe na karatasi iliyokuwa ndani, usiniletee picha yenye ukungu. Nitaangalia kama lina usajili wa TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, au wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na kama viambato vimeandikwa. Dawa za aina hii zimeshakutwa nchi mbalimbali na steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) au diklofenaki zilizosagwa ndani kimya kimya, ndiyo maana maumivu hupoa siku tatu za kwanza na mtu akadhani anapona. Njoo baada ya saa kumi jioni, foleni huwa imepungua. Na mje na mtoto mwenyewe, avae kaptula.